Mashine za Gemu: Kusubiri Hakushushi Bei

Zamani aliyesubiri alinunua mashine ya gemu kwa bei nafuu. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2000 kwa dola 299. Mwaka 2009 ilishuka hadi karibu dola 100, kwani vipuri vyake vilirahisika mwaka hadi mwaka. PlayStation 5 imekwenda kinyume: yenye diski ilianza kwa karibu dola 500 mwaka 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa hadi karibu 550. Gemu zenyewe hununuliwa mbali. Basi msiwabane wazazi wakakopa kwa ajili ya mchezo. Kucheza kwa kiasi si vibaya, lakini deni humnyima mtu usingizi. Chakula na ada vitangulie, na israfu tuiepuke. Mwenye nayo awakaribishe wenzake. Adhana ikisikika, izimwe.