Pikipiki ya kwanza ilikuwa ya mbao, na kiti chake kilishika moto

WATU wengi wakimwona kijana anateremka mlima na baiskeli ya mbao iliyosheheni magunia ya viazi, hucheka. Wengine husema huo ni umaskini, na wengine husema ni aibu kwa nchi inayotafuta maendeleo. Ni wachache wanaofahamu kwamba pikipiki ya kwanza iliyotembea kwa injini ya petroli nayo ilikuwa ya mbao. Tena ni wachache wanaojua kwamba watu waliokuja kushindania mwendo wa kasi baada yake, wale wanaotajwa katika vitabu vya rekodi za dunia, ni mabingwa wa kujicheka wenyewe kabla hawajachekwa na jirani.

Makala haya yanawahusu watu hao, kwa kuwa kuna jambo la kujifunza kwao, hasa kwetu sisi tuliorudi nyumbani kutoka uhamishoni na kwa ndugu zetu wanaoishi kwa biashara ya mpakani.

Walidhaniwa wanatengeneza fedha bandia

Tuanzie Ujerumani. Katika mji wa Cannstatt, karibu na Stuttgart, Gottlieb Daimler alinunua nyumba yenye bustani kubwa. Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea, naye akakigeuza karakana. Yeye na mwenzake, fundi Wilhelm Maybach, walijifungia humo usiku na mchana wakigonga vyuma bila kumwambia mtu wanafanya nini.

Inasimuliwa kwamba mtunza bustani aliingiwa na wasiwasi akaenda kuripoti polisi kwamba bwana huyo anatengeneza fedha bandia. Polisi walivamia karakana usiku. Badala ya fedha wakakuta vipande vya injini, wakaondoka mikono mitupu.

Mwaka 1885 injini hiyo ilifungwa kwenye chombo cha magurudumu mawili. Fremu ilikuwa ya mbao, na magurudumu yalikuwa ya mbao yaliyovishwa pete za chuma. Pembeni kulikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kukizuia kisianguke, kama vile vya baiskeli za watoto. Injini yake ilikuwa ya ujazo wa sentimita 264 na nguvu ya nusu farasi tu. Mwendo wake haukuzidi kilomita 12 kwa saa. Mtu mwenye miguu mizuri angeweza kukimbia na kukipita.

Novemba mwaka huohuo, Paul, mtoto wa Daimler, ambaye alikuwa bado kijana mdogo, alikipanda kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim. Kwa bahati mbaya, mrija wa moto uliotumika kuwasha mafuta ulikuwa chini kabisa ya kiti. Wakiwa njiani kiti kikashika moto. Kwa hiyo historia ya pikipiki duniani ilianza na kijana aliyekalia moto.

Ninapowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki darasa zima huangua kicheko. Nawaacha wacheke mpaka waridhike, kisha nawauliza: je, Daimler alikitupa chombo? Hakukitupa. Baridi ilipofika alikijaribu hata kwa kukifunga vipande vya kutelezea kwenye barafu. Kwake yeye kile hakikuwa pikipiki ya kuuza, kilikuwa njia ya kuijaribu injini, na injini hiyohiyo ikaja kufungwa kwenye mashua na magari. Chombo chenyewe kiliteketea mwaka 1903 katika moto uliounguza kiwanda. Vilivyomo katika majumba ya makumbusho leo ni nakala zake.

Uwanja wa chumvi usio na zawadi

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, katika jimbo la Utah, karibu na mpaka wake na Nevada. Zamani sana hapo palikuwa na ziwa kubwa. Maji yalikauka, ikabaki tambarare nyeupe ya chumvi, ngumu na iliyonyooka, isiyoota hata jani. Mahali hapo panaitwa Bonneville. Tangu mwaka 1949, karibu kila Agosti, watu hukusanyika huko wakiwa na magari na pikipiki, nyingi zikiwa zimetengenezwa nyuma ya nyumba zao, ili kupima ni nani atakwenda kasi zaidi.

Jambo la kushangaza ni kwamba hakuna zawadi ya fedha. Mtu hutumia akiba yake ya miaka kadhaa, husafiri maelfu ya kilomita akivuta mashine yake, halafu akishinda hupata jina lake katika kitabu. Wanaoweka rekodi ya kupita maili 200 kwa saa, yaani kama kilomita 322, hupata kofia nyekundu. Kwa kofia hiyo watu wazima wenye wajukuu hutokwa na machozi.

Wala si kila anayekwenda huko hupata hata nafasi ya kujaribu. Mwaka 2014 na mwaka 2022 mvua iligeuza chumvi kuwa bwawa, mbio zikafutwa. Kwa hali hiyo, asiyejua kucheka hawezi kudumu kwenye mchezo ule.

Rekodi nayo haitolewi kwa kubahatisha. Ukipita kasi mara moja, mashine yako hushikiliwa, nawe unatakiwa kurudia kesho yake asubuhi, kisha wastani wa safari mbili ndio unaoandikwa. Kuna madaraja mengi sana kulingana na ukubwa wa injini, aina ya mafuta na umbo la chombo. Kwa hiyo mwenye kipikipiki cha ujazo wa sentimita 50 anaweza kuwa bingwa wa dunia katika daraja lake, akasimama bega kwa bega na mwenye mashine inayonguruma kama ndege. Hamdharau mwenzake, naye hadharauliwi.

Aliyevua nguo ili apunguze upepo

Hata kabla mbio hizo hazijaanza kufanyika kila mwaka, chumvi hiyo ilikwishaona vituko. Tarehe 13 Septemba 1948, Mmarekani Rollie Free alipanda pikipiki ya Kiingereza aina ya Vincent akitaka kufikia maili 150 kwa saa. Katika jaribio la awali mavazi yake ya ngozi yalichanika kwa nguvu ya upepo, na lengo lilikuwa bado kidogo tu. Bwana huyo akayavua yote, akabaki na kaptula ya kuogelea, kofia ya kuogea na viatu vya kuazima. Akalala kifudifudi juu ya pikipiki, miguu imenyooka nyuma kama mtu anayeogelea, akaondoka. Alipimwa maili 150.313, karibu kilomita 242 kwa saa.

Picha yake ya siku ile ni miongoni mwa picha mashuhuri kuliko zote katika historia ya pikipiki. Ni picha ya kuchekesha na ya kutisha kwa pamoja, maana chumvi ile ni kama msasa, na mtu aliyeanguka akiwa katika hali hiyo asingebaki na ngozi.

Mzee na rafu yake ya pistoni

Hata hivyo, kwa maoni yangu anayestahili kusimuliwa zaidi katika shule zetu ni Burt Munro wa Invercargill, mji ulio kusini kabisa mwa New Zealand. Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya ya Marekani aina ya Indian Scout, yenye injini ya ujazo wa sentimita 600. Ilipotoka kiwandani mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 88 kwa saa. Munro aliifanyia kazi pikipiki hiyohiyo moja kwa zaidi ya miaka 40.

Hakuwa na karakana ya maana wala fedha nyingi. Alikuwa akiyeyusha vyuma na kumimina vipuri katika makopo ya zamani. Kifaa cha kupimia unene alikitengeneza kwa spoki kuukuu. Mikono ya pistoni aliichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta. Injini ikipasuka, alifungua, akatazama kilichovunjika, akatengeneza kingine.

Vipande vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu ndani ya kibanda chake na kuweka maandishi kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mwendo. Huo ndio utani wa watu wa mbio. Mwingine angevificha vipande hivyo mgeni asivione. Yeye alivionyesha kama mtu anayeonyesha vyeti vyake vya shule, na kwa kweli vilikuwa vyeti.

Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, Munro alikwenda Bonneville na pikipiki yake iliyokwisha kuwa kikongwe kama mwenyewe, akaweka rekodi ya daraja la injini zisizozidi sentimita 1,000. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, ikabainika kwamba waliokokotoa wastani walikosea. Mtoto wake ndiye aliyeliona kosa hilo la hesabu, na rekodi ikasahihishwa kuwa maili 184.087, zaidi ya kilomita 296 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya kutoka Kigali hadi Gisenyi ingechukua kama nusu saa tu. Wanafunzi hulipenda sana jambo hili, kwa sababu ni nadra kusikia kwamba hata wenye kitabu hukosea kujumlisha na kugawanya.

Banda la mbao na kaburi la gari

Isidhaniwe kwamba utani huo umekwisha na wazee. Huko Uingereza fundi mmoja wa bustani alilivisha gari kuukuu banda la mbao, lile la kuwekea majembe na ndoo, akalipeleka kwenye ufukwe wa Pendine huko Wales. Mwaka 2018 banda hilo, likiwa na paa lake, lilipita kilomita 160 kwa saa juu ya mchanga.

Lakini ufukwe huohuo una historia nyingine. Machi 1927 dereva J. G. Parry-Thomas alifia hapo akijaribu kurudisha rekodi yake ya dunia. Gari lake, lililoitwa Babs, lilizikwa mchangani, na lilikaa humo hadi lilipofukuliwa mwaka 1969. Anayekwenda Pendine kuchekesha watu anajua kwamba chini ya mchanga ule palizikwa gari lililomuua mwenyewe. Ndiyo maana leo mashine hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa, na dereva lazima avae kofia ngumu na mavazi ya ngozi. Rollie Free na kaptula yake asingesogea hata kwenye mstari wa kuanzia. Wanacheka, lakini breki hawazifanyii mzaha.

Na sisi huku nyumbani

Ndugu msomaji, rudi sasa kwenye ile baiskeli ya mbao. Ng'ambo ya mpaka, Goma, wanaiita chukudu, na kwetu tunaiita igicugutu. Haina pedeli wala mnyororo. Magurudumu ya mbao huvishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki mara nyingi ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu. Inabeba mamia ya kilo za viazi, makaa au kabichi. Haili petroli, chakula chake ni mteremko. Wafanyabiashara wangapi wa mpakani wamesomesha watoto kwa mizigo iliyopita juu ya mbao hizo? Watu wa Goma waliliona hilo, wakaisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara.

Hapa Rwanda, mwaka 2006, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani Tom Ritchey alishiriki kuanzisha mashindano yaliyokuwa na mbio za baiskeli za mbao. Waliocheka walikuwa wengi. Mwaka uliofuata ikaundwa timu ya taifa ya baiskeli iliyojulikana kama Team Rwanda. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alishindana London katika Michezo ya Olimpiki. Na Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Miaka 19 tu ilipita tangu siku ya mbio za mbao.

Mimi nilisoma Tanzania, mkoani Kagera, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Tulikuwa tukichonga vigari vya mbao, tukivifunga beringi chakavu zilizookotwa gereji, tukishuka navyo mlimani. Wenyeji walitutania kwamba hatuna haja ya vigari kwa sababu sisi ni wakimbizi, basi na tukimbie kwa miguu. Nasi tulicheka nao. Tulipovuka Rusumo kurudi nyumbani, wengi wetu tuliona haya kwa kila tulichojitengenezea wenyewe. Kisicho cha dukani tulikiona si kitu.

Hapo ndipo penye hasara. Mtoto anayeleta shuleni kinu cha upepo cha mabua au pikipiki ya mbao isiyotembea, akachekwa na mwalimu wake, kesho hataleta kingine. Akichekewa pamoja naye, akaulizwa kwa nini gurudumu halizunguki, atarudi na cha pili, na cha tatu, na breki ndani yake. Breki hizo tumdai bila huruma, maana miteremko yetu imekwisha kuua vijana.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Munro alikuwa na haraka iliyochukua zaidi ya miaka 40, kipande kimoja baada ya kingine. Shule ikipata rafu moja tu ya kupanga vilivyovunjika, kila kimoja na jina la aliyekitengeneza, itakuwa imeanza vizuri.