Kiyoyozi cha gari: Tafuta hitilafu kabla ya kununua gesi

Kwa dereva anayepita katika barabara za vumbi za Entarara, Kajiado, wakati wa kiangazi, kiyoyozi cha gari si anasa. Akifungua madirisha, vumbi humjaa yeye na abiria wake. Akiyafunga ilhali kiyoyozi hakifanyi kazi, joto huwatesa.

Ndiyo maana chombo hicho kinapoacha kupoza, wengi hukimbia kwa fundi aliye karibu na kutoa agizo moja tu: "Niongezee gesi."

Mara nyingi agizo hilo huleta hasara. Gesi ya kiyoyozi haiteketei kama petroli, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Hupungua kidogo mno kwa muda wa miaka mingi. Gari lililojazwa gesi likipoteza ubaridi baada ya wiki chache, jua kwamba kuna mahali inapovuja, na kuongeza nyingine ni kumwaga fedha.

Ili kutambua hitilafu, yafaa kwanza kuelewa jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huisukuma gesi kwa nguvu hadi kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta. Hapo gesi hupoteza joto na kugeuka kioevu. Kioevu hicho hupitia tundu jembamba na kuingia katika evaporeta, nyuma ya dashibodi, ambamo huchemka na kufyonza joto la hewa inayopulizwa ndani ya gari. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa.

Anza na uchunguzi usiohitaji fedha. Washa injini na kiyoyozi, kisha weka mkono mbele ya matundu ya hewa. Iwapo hewa ni baridi lakini hafifu, gesi haina kosa. Angalia chujio la hewa, ambalo katika magari mengi ya Japani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Kwenye barabara za vumbi, chujio hilo huziba upesi kuliko mjini.

Iwapo hewa ni nyingi lakini ina joto, fungua boneti na umwombe mwenzako abonyeze kitufe cha kiyoyozi. Katika magari mengi utasikia mlio mdogo klachi ya kompresa inaposhika. Usipousikia, kagua fyuzi, rilei na nyaya. Huenda pia gesi imepungua mno, kwani kuna swichi inayozuia kompresa kufanya kazi shinikizo likishuka. Hata hivyo, baadhi ya magari ya kisasa yana kompresa zisizo na klachi, na hayo yanahitaji kipimo cha kompyuta.

Dalili nyingine ni gari linalopoza vyema likiwa mwendoni, lakini likikwama katika msongamano wa Kitengela hewa inageuka joto. Hapo shuku feni ya kondensa, au kondensa yenyewe kuzibwa na vumbi, nyasi na wadudu. Ioshe kwa maji ya kawaida, injini ikiwa imepoa. Maji yenye nguvu nyingi hukunja vibati vyake vyembamba na kuongeza tatizo.

Maji yanayodondoka chini ya gari yasikutie hofu, kwa kuwa ni unyevu uliotolewa hewani. Yakimwagika miguuni mwa abiria, mpira wa kuyatoa nje umeziba. Madoa ya mafuta kwenye viungio vya mabomba ndiyo ya kutiliwa maanani, kwani mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na yanapotokea ndipo gesi inapovujia.

Ukifika kwa fundi, mtake apime shinikizo kwa geji mbili kompresa ikizunguka. Zote zikiwa chini, mara nyingi gesi imepungua. Zote zikiwa juu, huenda gesi imezidi au kondensa haipoi. Ile ya upande wa chini ikipanda na ya upande wa juu ikishuka, kompresa huenda imechoka.

Baada ya kuziba panapovuja, fundi hana budi kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu, kisha ajaze gesi kwa kuipima kwa gramu. Aina na kiasi vimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi yaliyoundwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia R134a, iliyochukua nafasi ya R12 iliyoharibu tabaka la ozoni na kupigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Mengi ya karibuni hutumia R1234yf, na gesi hizi hazichanganywi.

R134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja ikiachiliwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Pia hugandisha ngozi na kuumiza macho, kwa hivyo usifungue mabomba mwenyewe. Na yeyote atakayekushauri ujaze gesi ya kupikia, mkatalie: ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha kuleta maafa.

Kwa hivyo, ukifika gereji, usimwambie fundi akuongezee gesi. Mwambie akuonyeshe kwanza inapovujia.