Nyarugusu, muji wa watu wa Fizi ngambo ya ziwa

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama twangaise, ukikaa saa moja tu kwenye karieri ya Misisi utasikia mtu anasema: "Mimi nilikomalia Nyarugusu." Vijana wanacheka Kiswahili chake cha Kigoma. Wachache wanajua ule muji ulitoka wapi.

Vita ya AFDL ilipoingia Uvira na Fizi mwaka 1996, watu wetu walishuka mwambao, wakapanda mitumbwi na maboti, wakavuka Tanganyika. Mwezi wa 11 kambi ikafunguliwa katika pori la Kasulu, mkoa wa Kigoma. Walianza na mashitingi ya HCR. Kisha wakafyatua matofali ya udongo, wakajenga nyumba, makanisa, misikiti, soko. Shule zikafuata programu ya Kongo, na watoto wakaandika Exetat kule kule. Kambi ni jina la kwenye karatasi. Mimi naita muji.

Ila muji bila ardhi. Sheria ya Tanzania ya 1998 inamtaka mkimbizi abaki kambini, akitoka awe na kibali. Mtoto aliyezaliwa pale 1997 alifikisha miaka 18 bila kuona shamba la babu yake.

Mwezi wa 10 mwaka 2005 meli Mwongozo ilianza kurudisha watu Baraka. Kambi ya Lugufu ikafungwa 2009, waliobaki wakapelekwa Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi wakakimbia nchi yao, Nyarugusu ikapita watu 150 000. Warundi wengine walikuja kwetu, Lusenda. Kumbe Fizi nayo inapokea wakimbizi!

Sasa huyu aliyerudi. Anakuta shamba la baba linalimwa na mwingine. Mzee wa kijiji anamuuliza: nani anakujua hapa, mpaka wenu ni mti gani? Atajibu nini, yeye aliyezaliwa Kasulu? Anabeba beleshi, anapanda Misisi. Kule anaingia shimoni kwa deni la PDG, chakula deni, tochi deni. Na udongo ukimwangukia, wenzake wanajua jina la utani tu. Maiti ipelekwe kwa nani?

Ndiyo maana sisi wa sendika tunaomba kila PDG awe na daftari mlangoni mwa shimo: jina kamili la mchimbaji, kijiji cha wazazi wake, na simu ya ndugu mmoja, hata kama ni namba ya Tanzania.