Kunyimwa Leseni na Kuadhibiwa Kitaaluma: Funzo la Uwakili nchini Uganda

1.0 Utangulizi

Katika kilima cha Mbuya, mashariki mwa jiji la Kampala, yako makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Uganda. Leseni za mawakili hazitolewi huko. Hutolewa na Baraza la Sheria, ambalo ni chombo cha kiraia. Hata hivyo, kesi iliyofunguliwa katika mahakama ya kijeshi mwishoni mwa mwaka 2024 ndiyo iliyodhihirisha udhaifu wa utaratibu wa leseni hizo. Makala haya yanaonesha kwamba sheria humlinda zaidi wakili anayetuhumiwa kuliko mwombaji wa leseni asiyetuhumiwa lolote.

2.0 Misingi ya kuadhibu

Sheria ya Mawakili ya mwaka 1970 huipa Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria mamlaka ya kusikiliza malalamiko dhidi ya mawakili. Wakili hujulishwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujitetea. Akipatikana na hatia, anaweza kuonywa, kusimamishwa kwa muda usiozidi miaka 2, kuamriwa kulipa fidia, au jina lake kufutwa katika Orodha ya Mawakili. Asiyeridhika hukata rufaa katika Mahakama Kuu. Kwa hiyo adhabu ina tuhuma, ushahidi, usikilizwaji na rufaa.

3.0 Misingi ya kunyima

Sheria hiyohiyo huruhusu wakili wa nchi nyingine kupewa cheti maalumu kwa ajili ya shauri moja lililotajwa. Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, aliombewa cheti hicho ili amtetee Dkt. Kizza Besigye, aliyekamatwa Nairobi Novemba 2024 na kufikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, Makindye. Mwanzoni mwa Januari 2025 Baraza lilikataa ombi hilo.

Sababu zilizotolewa zilikuwa za aina tatu. Kwanza, baadhi ya nyaraka hazikuwa zimeambatishwa ipasavyo. Pili, mshtakiwa tayari alikuwa na mawakili wa Uganda wenye uwezo. Tatu, ombi lilionekana kuwa na sura ya kisiasa. Mwezi huohuo, baada ya ombi kushughulikiwa upya, cheti kilitolewa.

Aina hizi hazina uzito sawa. Kasoro ya nyaraka hurekebishika, na kinachotakiwa ni kumjulisha mwombaji mapema. Hoja ya wingi wa mawakili hugusa haki ya mshtakiwa, kwa kuwa Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 humpa uhuru wa kuchagua wakili wake. Hoja ya siasa haipimi elimu wala maadili ya mwombaji. Isitoshe, sababu hizo zilipowekwa katika uamuzi mmoja, ilikuwa vigumu kujua ni ipi iliyobeba uamuzi.

Ucheleweshaji nao una gharama, kwani kesi haimsubiri wakili. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Kabla ya hapo, tarehe 7 Januari, mahakama hiyo ya kijeshi ilikuwa imemhukumu Eron Kiiza, mmoja wa mawakili wa utetezi, kifungo cha miezi 9 kwa kuidharau mahakama. Hivyo, ndani ya mwezi mmoja, wakili mmoja alizuiwa kuingia na mwingine akafungwa. Na katika hali zote mbili Kamati ya Nidhamu haikuwa imesikiliza tuhuma yoyote.

4.0 Hitimisho na mapendekezo

Ibara ya 42 ya Katiba humpa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na chombo cha utawala, na haki ya kupinga uamuzi wake mahakamani. Ili haki hiyo isibaki katika maandishi tu, mambo matatu yanapendekezwa. Barua ya kukataa itenganishe kasoro zinazorekebishika na sababu zinazomhusu mwombaji binafsi. Mwombaji asikilizwe kabla ya kukataliwa kwa sababu za aina ya pili. Kadhalika, pawe na muda maalumu wa kujibu maombi yanayohusu kesi zinazoendelea. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Itifaki yake ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010, haiwezi kuzungumzia kutambuliana kwa sifa za kitaaluma ilhali mlango wa leseni hufungwa bila sababu zinazoweza kupimwa.