Kliniki ya Kisukari Baada ya Korona: Yaliyobadilika na Yanayokuhusu

Ugonjwa wa kisukari hauna kelele. Mtu akivunjika mguu, boma zima hujua siku hiyo hiyo. Mtu akiacha dawa za kisukari, wiki ya kwanza hupita, mwezi hupita, naye huendelea kuchuma chai na kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia kama kawaida. Hasikii maumivu. Lakini ndani ya mwili, sukari nyingi katika damu inaendelea kuharibu mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Madhara yanapojitokeza, mengi hayarudi nyuma.

Hii ndiyo sababu athari za janga la korona kwa watu wenye kisukari hazikuonekana upesi. Tulihesabu waliolazwa kwa korona kila siku, lakini aliyekosa kliniki yake ya kisukari hakuhesabiwa popote. Makala haya yanaeleza kilichotokea, jinsi huduma zinavyojipanga upya, na jambo ambalo kila mkaazi wa Kericho, na jirani zetu wa Bomet, anaweza kufanya sasa.

KILICHOTOKEA

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki mbili baadaye kafyu ikaanza. Matatu za abiria 14 zikaagizwa kubeba abiria 8, na nauli ikapanda. Kwa mgonjwa anayetoka Kipkelion au Soin kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kericho, safari ya kliniki ikawa ghali ghafla, wakati ambapo kipato cha familia nyingi kilikuwa kimepungua.

Hofu nayo iliongeza mzigo. Watu waliambiwa, na ni kweli, kwamba mwenye kisukari akiambukizwa korona huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Wengi walichukulia kwamba njia salama ni kukaa mbali na hospitali kabisa. Kisha Desemba 2020 ukaanza mgomo wa kitaifa wa wauguzi na maafisa wa kliniki, na huduma za kawaida katika hospitali za umma zikakwama tena.

Hali hii haikuwa yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipouliza nchi 155 mwezi Mei 2020, karibu nusu, asilimia 49, zilisema matibabu ya kisukari na madhara yake yamevurugika kwa kiasi au kabisa.

Tatizo lilikuwa kubwa kwa sababu hata kabla ya korona wengi wetu hatukujua hali yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu asilimia 88 ya watu wazima nchini hawakuwa wamewahi kupimwa sukari katika damu. Kwa hiyo wapo makundi mawili ambayo huduma zinajaribu kuyafikia sasa: waliokuwa kliniki wakatoka, na wale ambao hawajawahi kuingia.

DAWA ZA MUDA MREFU, SAFARI CHACHE

Zamani mgonjwa wa kisukari alizoea kuja kila mwezi. Alisafiri, akapanga foleni tangu asubuhi, akapimwa, akapewa dawa za siku 30, akarudi. Siku nzima ya kazi ilipotea.

Janga lilionyesha kwamba si kila mgonjwa anahitaji kuonekana kila mwezi. Kliniki za watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi zilikuwa zimetangulia katika hili: mtu ambaye hali yake imetulia alipewa dawa za miezi kadhaa, na nafasi kwenye foleni ikabaki kwa aliye na matatizo. Wakati wa korona vituo vingi nchini vilianza kufanya vivyo hivyo kwa kisukari na shinikizo la damu, na utaratibu huu umeendelea kutumika dawa zinapopatikana za kutosha.

Hata hivyo, dawa za miezi mitatu hazimfai kila mtu. Mhudumu ataangalia kwanza kama sukari yako imetulia kwa muda, kama huna kidonda, na kama unaelewa dawa zako. Mama mjamzito, mtoto, na mtu aliyeanza insulini hivi karibuni wanahitaji kuonekana mara kwa mara. Ukipewa dawa za muda mrefu, kumbuka kwamba kazi ya kufuatilia imehamia kwako. Kuwa na dawa kabatini hakuonyeshi kwamba sukari imeshuka. Ni kipimo tu kinachoonyesha.

VIPIMO VIMESOGEA KARIBU

Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, kila mmoja akihudumia takriban nyumba 100. Katika mkoba wao mna kipima sukari na mashine ya kupima shinikizo la damu. Akifika kwako, mkaribishe. Tone moja la damu kutoka kidoleni linatosha kujua kama unahitaji kwenda kituoni.

Namba zenyewe si ngumu kukumbuka. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula chochote, kiwango cha 7.0 mmol/l au zaidi ni dalili ya kisukari. Ukipimwa wakati wowote, huku ukiwa na kiu isiyokwisha, unakojoa mara nyingi na unakonda, kiwango cha 11.1 au zaidi ni dalili hiyo hiyo. Kipimo cha nyumbani hakitoi uamuzi wa mwisho. Mhamasishaji atakutuma zahanati au kituo cha afya ili kipimo kithibitishwe. Asikupe dawa, nawe usinunue dawa kwa sababu ya kipimo hicho pekee.

Kwa aliye kwenye matibabu, kuna kipimo kingine kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki na kipimo cha kidole kikawa kizuri, lakini HbA1c husoma miezi yote. Wagonjwa wengi hulenga kubaki chini ya asilimia 7, ingawa lengo lako hasa utapewa na daktari wako.

FOLENI MOJA, MAGONJWA ZAIDI YA MOJA

Badiliko lingine ni kuunganisha huduma. Kisukari na shinikizo la damu huandamana mara nyingi, na hakuna haja ya kumwita mtu Jumatatu kwa moja na Alhamisi kwa lingine. Mwenye kisukari pia ana hatari mara mbili au tatu zaidi ya kupata kifua kikuu. Ndiyo maana unaweza kuulizwa habari za kikohozi ukiwa kliniki ya kisukari, na mgonjwa wa kifua kikuu akapimwa sukari. Usishangae, na usifiche.

Vituo vingi pia huandika namba ya simu ya mgonjwa na ya mtu wa karibu naye. Lengo ni kukukumbusha tarehe na kukutafuta ukipotea. Ukibadilisha laini, ijulishe kliniki yako.

MALIPO: JIANDIKISHE KABLA YA KUUGUA

Tarehe 20 Oktoba 2023, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapa kwetu katika uwanja wa Kericho Green, na kaulimbiu ilikuwa afya kwa wote. Siku moja kabla, Rais alikuwa ametia saini sheria nne za afya. Kutokana na sheria hizo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024.

Kwa mwenye kisukari, kuna mambo mawili ya kuelewa. La kwanza, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na hazina ya afya ya msingi. Unachohitaji ni kuwa umejiandikisha. La pili, matibabu ya hospitali kubwa, kwa mfano ukilazwa Kericho, Kapkatet au Longisa kwa kidonda cha mguu, huhitaji uwe umelipa mchango wako. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kujiandikisha hufanywa kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya.

Mkulima wa chai anajua kwamba malipo ya bonasi hayaji kila mwezi. Ni busara kutenga mchango wa bima fedha zinapoingia, kabla hazijatawanyika.

KUISHI NA KISUKARI KATIKA SHAMBA LA CHAI

Ushauri mwingi wa kisukari huandikwa kwa mtu wa ofisini. Mchumaji wa chai ana mambo yake.

Kwanza, chakula na kazi. Wengi hutoka alfajiri bila kula ili wawahi majani. Ukiwa unatumia insulini, au vidonge kama glibenclamide, kufanya kazi nzito ukiwa na njaa kunaweza kushusha sukari chini ya 4.0. Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Wenzako wanaweza kudhani umelewa. Kula kabla ya kumeza dawa, na ubebe sukari mfukoni. Dalili zikianza, acha kazi, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji unywe, subiri dakika 15, kisha ule chakula. Mwambie msimamizi na jirani yako wa mstari kwamba una kisukari, ili wajue la kufanya. Aliyezirai asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.

Pili, miguu. Kisukari huua hisia za nyayo. Kagua miguu yako kila jioni, hata katikati ya vidole. Kung'uta gambuti kabla ya kuzivaa, na vaa soksi kavu. Asubuhi za baridi, usiote moto kwa kuweka miguu karibu na mafiga: waweza kuungua bila kuhisi. Mchubuko ambao haujapona kwa siku chache upeleke kituoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mguu wa mwenye kisukari, ukuta huo unaweza kuwa kukatwa mguu.

Tatu, kikombe chenyewe. Chai haina ubaya. Sukari inayotiwa ndani yake ndiyo tatizo. Vijiko vitatu mara nne kwa siku ni vijiko kumi na viwili. Punguza kidogo kidogo na ulimi utazoea. Asali na sukari nguru ni sukari pia. Ugali haukatazwi, ila punguza kipande na uongeze mboga sahanini. Mursik nayo ihesabiwe kama chakula, si kama maji.

KUHIFADHI INSULINI

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishafunguliwa, nyingi hudumu takriban wiki nne mahali penye ubaridi, mbali na jua na jiko. Asiye na jokofu anaweza kuiweka ndani ya mfuko usiopenyeza maji, kisha kwenye chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, kivulini. Hili ni muhimu zaidi kwa wakaazi wa Soin na Fort Ternan kwenye joto kuliko wa Londiani. Insulini iliyoganda barafu imeharibika hata ikiyeyuka, isitumiwe.

IKIWA ULIACHA KLINIKI

Wapo waliokosa tarehe moja mwaka 2020, kisha wakaona aibu kurudi, wakihofia kugombezwa. Ikiwa ni wewe, au ni mzazi wako, ujumbe wetu ni huu: rudi. Huhitaji kueleza miaka yote iliyopita. Anzia zahanati iliyo karibu nawe, beba kitambulisho, kitabu chako cha zamani ukiwa nacho, na dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji. Hazibebwi ili ulaumiwe, bali kwa sababu baadhi huingiliana na dawa za hospitali.

Siku ya kurudi, omba mambo matano: kupimwa sukari, kupimwa shinikizo la damu, kukaguliwa miguu, kipimo cha mkojo kwa ajili ya figo, na rufaa ya kuangaliwa macho. Uliza pia kama unaweza kupangiwa dawa za muda mrefu hali yako ikitulia.

Usingoje hata siku moja ikiwa unatapika, unapumua kwa kasi na kwa kina, una kiu kali na usingizi mzito, au kidonda cha mguu kimebadilika rangi na kunuka. Hizo ni dalili za dharura; nenda hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.

Kwa kila nyumba inayosoma jarida hili, kuna kazi moja ndogo ya wiki hii: muulize kila mtu mzima nyumbani ni lini alipimwa sukari mara ya mwisho. Akishindwa kukumbuka, mpeleke.