Data ya WhatsApp Haifungui eCitizen

Wasee wengi mtaani hatununuangi data ya mwezi. Tunanunua ya mbao, ya finje, yenye inakufa saa sita usiku. Na ukicheki menyu, ile bei ya kukubembeleza ni ya apu moja: WhatsApp ya siku, YouTube ya lisaa, TikTok ya usiku. Ukiwa umesota, hiyo ndio intaneti yako yote.

Hapo ndio hii stori ya usawa wa mtandao inaingia kejani kwetu. Ni hivi: kampuni ikishakuuzia data, vile unaitumia ni shughuli yako. MB ni MB. Isipendelee apu moja, isivute spidi ya ingine chini, isiweke bei juu ya chenye unafungua.

Marekani wamevutana na hii kitu miaka. Mdhibiti wao, FCC, iliweka sheria 2015, ikazitoa 2017, ikazirudisha 2024, halafu Januari 2025 korti ya rufaa ikazizima. Lakini vita yenye inanibamba ni ya India. 2015 wasee wa huko walijaza ofisi ya mdhibiti wao, TRAI, na imeili zaidi ya milioni moja wakidai intaneti sawa. Facebook nayo ikawaletea Free Basics: bure, lakini saiti ni chache, zenye zimepitishwa, na video hakuna. Februari 2016 TRAI ikapiga marufuku bei za kubagua saiti. Huku Kenya, hiyo hiyo kitu ilishuka 2014 kupitia Airtel, na hakuna kelele kama hizo zilipigwa.

Cheki vile inatubana. Kijana anatumiwa linki ya jobo kwa grupu ya mtaa. Data yake ni ya WhatsApp pekee. Anaona kapicha na kichwa ya habari, akidunga hapo, inazunguka tu. Fom ya HELB, KUCCPS, cheti ya polisi kwa eCitizen, zote ziko ng'ambo ya ukuta. Na noma zaidi ni habari. Mtu akifowadi uongo usiku, mwenye ameisoma hawezi toka hapo aende acheki kama ni ukweli. Uongo unaingia kwa bei ya chini, kuhakikisha ndio kunadai ganji ingine. Hiyo inaniuma kuliko bei yenyewe.

Kuna wenye watasema afadhali hiyo kidogo kuliko giza, na nawaelewa. Mama mboga anaposti sukuma kwa stetasi, fundi anatuma picha ya kazi, wanaomoka. Sitaki wapokonywe. Lakini kama kampuni inaweza kukata bei ya TikTok, basi mnara ni ule ule, inaweza kukata bei ya data yote.

Na sirkal isijifiche hapo nyuma. Ushuru wa data ulikuja 2018 na 15%, 2021 ukapanda 20%, 2023 ukashuka 15%. Weka VAT ya 16% juu yake: kwa data ya soo, karibu mbao na kobole imeenda kabla hujafungua kitu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20%. Kuna wasee walikuwa na data ya kuifungua PDF yote, wakaichambua kipengele kwa kipengele, wakatuelezea kwa TikTok na X hadi mtaa mzima ukashika. Tukajaa tao, na 26 Juni Rais Ruto akakataa kutia mswada sahihi. Kama kila mtu angekuwa na data ya apu moja tu, nani angeisoma?

CA, mdhibiti wetu wa mawasiliano, inaweza kuanza na bei: ofa yoyote ya mbao ifungue chenye mtu anataka, si chenye kampuni imechagua. Halafu Hazina itoe ushuru kwa zile data ndogo za mbao na finje, juu mwenye ananunua hizo ndiye hana.