Daftari la Kanisa na Daftari la Sensa: Jinsi Wazao wa Wahamiaji wa Norway Wanavyotafuta Mababu



Mara kwa mara tunapozungumza juu ya kuweka kumbukumbu, kuna wale wanaosema kwamba kuandika majina ni kazi ya kuchosha. Ati jina likiandikwa leo, kesho nani atalisoma? Basi safari hii tutawapeleka mbali, mpaka Norway na Marekani, tuone yanayotokea daftari la mwaka wa 1820 linapofunguliwa na kitukuu wa mtu aliyeandikwa humo.

Norway iko kaskazini mwa Ulaya. Ni nchi ya milima, na ardhi inayolimika ni kama sehemu 3 tu kwa kila 100. Mwaka wa 1801 watu wake walikuwa kama 880,000. Kufika 1865 walikuwa wamefika milioni 1.7. Ardhi nayo ilibaki ile ile. Kwa desturi kijana mkubwa alichukua shamba la baba, na wadogo wake wakatafuta pa kujishikiza. Wengi wakawa wale walioitwa husmann, yaani mtu wa kibanda: alipewa kipande kidogo kando ya shamba la mwenyewe, akalipa kwa jasho lake. Wazee wetu waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi wanaijua habari hiyo bila kufafanuliwa.

Mwezi wa Julai 1825 meli ndogo ya tanga iitwayo Restauration iliondoka mji wa Stavanger ikiwa na watu 52. Ilifika New York tarehe 9 Oktoba ikiwa na watu 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Katika miaka mia moja iliyofuata zaidi ya watu 800,000 walihama kutoka Norway kwenda Amerika ya Kaskazini. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka wa 1862 iliyowapa watu ekari 160 kama wangekubali kukaa na kulima, msafara uliongezeka sana. Mwaka wa 1882 peke yake walitoka zaidi ya 28,000. Walikwenda Wisconsin, Minnesota, Iowa na Dakota. Leo wajukuu na vitukuu wao wanauliza: sisi ni wa wapi hasa?

Taabu ya majina

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Zamani Norway mashambani hapakuwa na jina la ukoo. Mtu aliitwa jina lake na jina la baba yake. Ole, mwana wa Hans, aliitwa Ole Hansen. Dada yake Kari aliitwa Kari Hansdatter, maana yake binti Hans. Ole naye akizaa mtoto na kumwita Nils, huyo ni Nils Olsen. Neno Hansen limekwisha hapo. Si mnaona? Ni kama arap kwa Wakalenjin, au wa kwa Wakikuyu. Lakini wasomaji wetu wa Narok na Kajiado wasichanganyikiwe: huyu Ole wa Norway ni jina la mtu kama vile Johana, si ole ya kuonyesha mwana wa fulani.

Halafu kulikuwa na jina la tatu, jina la shamba alilokaa mtu. Jina hilo lilikuwa kama anwani. Mtu akihama shamba, jina nalo lilihama. Mwanamume akienda kuoa na kukaa kwa mashamba ya wakwe, aliandikwa kwa jina la shamba la wakwe. Norway ilipitisha sheria ya kila mtu kuwa na jina la ukoo lisilobadilika mwaka wa 1923 tu, wakati wahamiaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Walipofika Marekani, makarani walitaka jina moja la mwisho. Ndugu mmoja akashika la baba, mwingine akashika la shamba, wa tatu akaandikwa vile karani alivyosikia. Ndugu watatu wa tumbo moja waweza kuwa wamezikwa Minnesota chini ya majina matatu mbalimbali. Walter Mondale, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia 1977 hadi 1981, jina lake latoka Mundal, mahali padogo huko Fjærland, magharibi mwa Norway. Karani wa Marekani hawezi kukuambia hivyo. Daftari la Norway ndilo linajua.

Kuna na habari ya Knute Nelson, aliyekuwa gavana wa Minnesota kuanzia 1893, kisha seneta kuanzia 1895 mpaka kufa kwake mwaka wa 1923. Alizaliwa sehemu za Voss, mama yake akiwa hajaolewa. Mama huyo alivuka bahari naye mwaka wa 1849, kijana akiwa mdogo bado. Baadaye mama akaolewa na mtu aitwaye Nils, na mtoto akachukua jina la Nelson, yaani mwana wa Nils. Mtu akimtafuta Nelson huko Norway kwa kufuata jina tu, atatafuta mpaka achoke, kwa sababu Nils hakuwa baba aliyemzaa. Ni mama ndiye wa kufuatwa. Tunasema hivi kwa sababu madaftari ya kanisa yalimwandika mtoto wa nje ya ndoa waziwazi kabisa, na kuna wazao wanaona aibu wakifika kwa mstari huo. Sisi hatuoni aibu yoyote ya mama aliyemshika mwanawe mkono akavuka bahari.

Tena kuna desturi ya kuwapa watoto majina, ambayo itawafurahisha wengi wenu. Kijana wa kwanza mara nyingi aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Mjane wa kiume akioa tena, msichana wa kwanza wa ndoa ya pili aliweza kupewa jina la mke aliyefariki. Na mtoto akifa, mtoto aliyefuata alipewa jina lile lile. Kwa hiyo ukikuta akina Ole wawili katika nyumba moja, usifikiri kasisi alikosea.

Kuanzia upande wa Marekani

Wenye ujuzi wa kazi hii wanasema: anza na wale walio hai, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua. Usiruke. Biblia ya familia, barua za zamani na mawe ya makaburi yasomwe kwanza.

Baadaye ndipo sensa. Marekani huhesabu watu kila miaka kumi tangu 1790, lakini kabla ya 1850 iliandika jina la mwenye nyumba peke yake. Majina ya watu hufichwa kwa miaka 72, ndiyo sababu sensa ya 1950 ilifunguliwa mwaka wa 2022. Sensa ya 1900 ni nzuri sana kwa kazi hii: inaonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka mtu alioingia nchini, na mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Hesabu hiyo ya mwisho inauma. Mama ameandikiwa watoto tisa, walio hai watano. Basi mtafutaji anajua kuna makaburi manne ambayo hakuambiwa.

Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto uliotokea Washington Januari 1921. Ni pengo la miaka ishirini, na ndiyo miaka Wanorway walikuwa wakimiminika. Wengine hupona kwa kutumia sensa za majimbo yenyewe. Minnesota kwa mfano ilihesabu watu wake mwaka wa 1885 na 1895.

Lakini ubaya wa sensa ya Marekani ni huu: mahali pa kuzaliwa panaandikwa Norway, basi. Norway wapi? Ni kama kuulizwa kwenu ni wapi ukajibu Afrika. Hapo ndipo daftari la kanisa linapoingia. Wahamiaji walijenga makanisa ya Kilutheri mapema, na wachungaji wao waliandika ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi kwa Kinorway kwa miaka mingi. Mara nyingi mchungaji aliandika hata parokia ambayo mtu alitoka, kwa sababu naye alitoka huko huko na alijua tofauti ya bonde moja na lingine. Tena hapo ndipo akina mama hupatikana. Huko kwao mwanamke aliyeolewa alibaki binti Hans mpaka kufa. Marekani akawa Bibi Olson, na Kari akawa Carrie. Sensa imemmeza, lakini rekodi ya ubatizo wa mtoto wake yaweza kuwa na jina lake la kwao.

Kuvuka bahari

Ukishapata jina la parokia, umefika nusu ya safari. Kwa nini kanisa la Norway lilikuwa na madaftari mazuri hivyo? Kwa sababu lilikuwa kanisa la serikali, na mpaka 1845 watu wa Norway hawakuwa na ruhusa ya kujitenga nalo. Kasisi alikuwa pia karani wa nchi. Tangu 1736 kipaimara kilikuwa lazima kwa kila kijana. Tangu 1810 chanjo ya ndui nayo ilidaiwa, bila cheti hupati kipaimara wala ndoa. Hata chanjo iliandikwa katika daftari la kanisa.

Mwaka wa 1812 ilitolewa amri ambayo sisi tumeipenda. Daftari liandikwe mara mbili, moja la kasisi na moja la msaidizi wake, na hayo mawili yasilale usiku chini ya paa moja. Nyumba ya kasisi ikiungua, daftari la pili limepona. Hapo hakuna mashine wala pesa nyingi, ni akili tu.

Katika madaftari hayo kulikuwa na kurasa za waliohama. Aliyetaka kuondoka alichukua barua kutoka kwa kasisi, na jina lake likaandikwa pamoja na kule anakokwenda: Amerika. Polisi wa bandari kubwa nao walianza kuwaandika wahamiaji katika miaka ya 1860 na 1870. Orodha za meli upande wa pili zinasaidia, ila kwa miaka ya kuanzia 1850 Wanorway wengi walishukia Quebec, Kanada, si New York, na wengi humtafuta babu kwa bandari ambayo hakupitia.

Sensa za Norway zenye majina ya watu wote ni za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920. Hii ya mwisho ilifunguliwa Desemba 2020 baada ya kufichwa miaka mia moja. Ile ya 1865 ina jambo la kuangaliwa: umri ulihesabiwa pamoja na mwaka unaokwenda. Kijana aliyezaliwa 1858 ameandikwa miaka 8, si 7. Asiyejua atamkataa mtu wake mwenyewe.

Na sasa tuseme umempata Nils Olsen wa miaka 8 katika parokia unayoitaka. Usishangilie bado, pengine wako watano. Fungua daftari la ubatizo uone tarehe, wazazi, shamba na wadhamini. Wadhamini ni muhimu kuliko vile watu hufikiri, kwa maana mara nyingi walikuwa ndugu za baba na za mama, na majina yao yatakuonyesha kama hii ndiyo jamaa yenyewe. Halafu, na hili wengi huliacha, fungua daftari la mazishi. Kuna waliojenga ukoo mzima, vizazi sita kwenda nyuma, juu ya mtoto ambaye alizikwa akiwa na miaka miwili. Nils wao aliyevuka bahari alikuwa Nils wa shamba jirani. Kazi ya miaka inatupwa kwa sababu ukurasa mmoja haukusomwa.

Kusoma kwenyewe si mchezo. Lugha ni Kidenishi cha kale, herufi ni za Kigothi, na katika vitabu vya zamani zaidi tarehe imeandikwa kwa kalenda ya kanisa: Jumapili ya tatu baada ya Utatu, bila siku wala mwezi. Ni juu yako kutafuta Pasaka ya mwaka huo iliangukia lini ndipo uhesabu. Siku hizi picha za madaftari haya ziko katika Digitalarkivet, hifadhi ya serikali ya Norway kwenye intaneti iliyoanzishwa 1998, na kusoma ni bure.

Wengine huishia hapo. Wengine hukata tiketi wakaenda kuona shamba lenyewe. Kama babu alikuwa mwenye shamba, nyumba pengine ipo na watu wapo. Kama alikuwa husmann, wenyeji huwapeleka juu mlimani mahali penye mawe machache ya msingi na miti iliyoota katikati. Hakuna picha wala kaburi lenye jina. Lakini sensa ya 1865 iliandika na mifugo pia, na mbegu zilizopandwa. Basi mgeni husimama pale na karatasi yake mkononi, akasoma jina la kibanda, la mume, la mke na la watoto, na chini yake ng'ombe mmoja, kondoo wachache na viazi walivyopanda mwaka ule.